Kutoka Kitalu cha Tumbaku hadi Chumba cha Upasuaji: Historia ya Maneno Machache ya Upandikizaji

Mtu anayetaka kumpa ndugu yake figo hupewa maswali ya kujibu kabla ya kulazwa mezani, na katika maswali hayo yamo maneno ambayo kila moja lina safari yake: kupandikiza, virusi, damu salama, mtoaji. Makala haya yanakusudia kuifuata safari hiyo. Mwandishi si tabibu. Kazi yake ni istilahi. Lakini katika jambo hili istilahi si pambo la tiba, bali ni sehemu ya kipimo chenyewe, kama nitakavyojaribu kuonyesha. Mfano mmoja wa neno baya nitakaoutoa ni wa neno nililolitunga mimi.

Naanzia Songea, kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na kwa sababu huko neno kupandikiza halihitaji kufafanuliwa. Wakulima wa Songea na Namtumbo wamelima tumbaku ya kukaushwa kwa moshi kwa miaka mingi. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mfano wa vumbi, wala haipandwi moja kwa moja shambani. Husiwa kitaluni, ikafunikwa nyasi na kumwagiliwa, na mvua zinapoanza miche hung'olewa ikahamishiwa shambani. Kitendo hicho ndicho kupandikiza. Kiswahili kina neno jingine la zamani kwa kitendo hichohicho, nalo ni kuatika, neno fupi na zuri, ambalo kwa bahati mbaya vijana wengi hawalijui tena.

Mzee mmoja mkulima wa Namtumbo, niliyemtembelea nilipokuwa nikikusanya maneno ya kilimo, hakuniruhusu kuingia kitaluni mwake kabla ya kuniuliza: "Umeshika nini leo, mwanangu?" Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa akiuliza kama nimeshika sigara au majani ya tumbaku. Mkono uliogusa jani lenye batobato huupeleka ugonjwa kwenye mche mzima, na mche huo ukipandikizwa huupeleka shambani, na shamba zima huwa na madoadoa. Wakati wa kupandikiza ndio wakati wa hatari kuliko yote, alisema, kwa sababu mikono ni mingi na miche ina majeraha. Alinipa maji na sabuni, nikanawa.

Maneno ya mzee huyo yana historia ndefu kuliko alivyojua. Mwaka 1892 Mrusi aitwaye Dmitri Ivanovsky alilichuja tone la utomvu wa tumbaku yenye batobato kwa kichujio kinachozuia bakteria, akaona kwamba utomvu uliochujwa bado unaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck, aliyefanya kazi Delft huko Uholanzi, alirudia jaribio hilo, akaamua kwamba kisababishi si bakteria bali ni kitu cha namna nyingine, akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya sumu. Neno hilo ndilo virusi. (Mwaka huohuo wa 1898 ndio Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho, umbali mfupi kutoka Songea mjini, nalitaja hili kwa wapenda tarehe tu.) Kwa hiyo virusi na kupandikiza, maneno mawili yanayokutana leo katika chumba cha upasuaji, yote mawili yalipitia shamba la tumbaku.

Lilipoingia katika Kiswahili, neno virusi lilipokewa kwa namna ya kuchekesha kidogo. Sauti yake ya mwanzo ni vi-, basi wasemaji walilichukua kuwa ni wingi, wakalitafutia umoja wake, nao ukawa kirusi. Wako waliolipinga umbo hilo wakisema kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi. Mimi naona upinzani huo hauna nguvu. Herufi kubwa inatosha kutofautisha, tena aliyekitangulia kirusi cha kwanza alikuwa Mrusi.

Turudi kwenye kupandikiza. Figo ya kwanza iliyopandikizwa kwa mafanikio ya kudumu ilitolewa na pacha mmoja kwa pacha mwenzake huko Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954. Moyo wa kwanza wa binadamu ulipandikizwa na Christiaan Barnard mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, mwaka uleule ambao Bunge letu lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Watu wengi hulikumbuka tukio la Cape Town kama ushindi wa kisu. Wachache hukumbuka kwamba mgonjwa yule aliishi siku 18 tu, na kwamba kilichomwua ni nimonia na si moyo aliopewa. Ili mwili usikikatae kiungo kigeni hapana budi kuituliza kinga yake kwa dawa. Na kinga ikitulizwa, ugonjwa ambao mtu mzima angeushinda bila kulala kitandani humwangusha mpokeaji. Ndiyo sababu jambo dogo mwilini mwa mtoaji linaweza kuwa kubwa mwilini mwa anayepokea: vimelea vya malaria, kifua kikuu kilicholala, hata minyoo iliyokaa tumboni kimya kwa miaka.

Kwa upande wa lugha, kulikuwa na maneno kadhaa yaliyogombea nafasi. Wananchi wengi husema kubadilishiwa figo. Neno hilo linaeleweka upesi lakini linadanganya, kwa kuwa mara nyingi figo za zamani haziondolewi. Huachwa mahali pake, na figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja. Kuwekewa figo ni sahihi, lakini ni neno la chombo na kabati, halionyeshi kwamba kinachowekwa kiko hai na kinatazamiwa kushika. Kuatika lingefaa sana. Kupandikiza lilikuwa na doa lake: katika siasa za miaka ya nyuma mtu aliyepandikizwa alikuwa kibaraka, aliyeingizwa kati ya watu na adui. Pamoja na hayo kupandikiza lilishinda, na naona lilistahili. Doa lile lenyewe lina maana hapa. Linakumbusha kwamba kinachopandikizwa huweza kuja na mwenzake asiyealikwa.

Kuhusu neno kiungo sitasema mengi. Lina mzigo mkubwa kupita kiasi (mkono, kifundo, bizari, na sasa ini), na vitabu vya biolojia vilivyochagua ogani vina sababu. Hata hivyo mgonjwa hasemi ogani.

Kuingiza damu ya mtu mmoja katika mwili wa mwingine si wazo lililoletwa na hospitali peke yake. Wazee wetu walijua kuchanjiana, yaani kutiana chale na kuonjana damu ili wawili wawe ndugu. Na kutokana na kuchanja huko ndiko tulikopata chanjo, istilahi inayotumika leo bila mtu kukumbuka wembe. Undugu wa kuchanjiana uliamini kwamba damu hubeba tabia na ahadi. Kwamba hubeba pia ugonjwa, hilo lilikuja kueleweka kwa uchungu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Huko ugonjwa uliitwa kwanza Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa mpakani, na baadaye likapatikana neno la kifupisho tunalolitumia sasa. Hospitali kwa miaka mingi zilitegemea damu ya jamaa wa mgonjwa: mama akiletwa kujifungua na damu ikahitajika, walioketi nje kwenye nyasi ndio walioitwa. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na damu inayokusanywa na mpango huo hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende.

Naomba msomaji atue kwenye neno salama. Mpango huo haukuitwa wa damu safi, ingawa safi ndilo neno lililo karibu zaidi mdomoni. Tofauti si ndogo. Kinyume cha safi ni chafu, na mtu anayeambiwa kwamba damu yake haikufaa huenda nyumbani akiwa mtu wa damu chafu. Kinyume cha salama ni hatari, nayo hatari inaweza kuwa ya leo na kesho isiwepo. Tena neno safi lilikwisha kuchukuliwa na kazi nyingine, maana mgonjwa wa figo huenda kusafishwa damu kwa mashine. Kwake yeye uchafu wa damu ni taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa, wala hauna aibu. Kama tungetumia neno hilohilo kwa mtoaji na kwa mpokeaji, tungekuwa tumewachanganya watu wawili waliokaa kitanda kwa kitanda.

Homa ya ini nayo inataka tahadhari. Wako wanaoichanganya na homa ya manjano, kwa kuwa macho ya mgonjwa huweza kuwa ya manjano katika magonjwa yote mawili. Lakini homa ya manjano huletwa na mbu, na mtu aliyechanjwa dhidi yake hana kinga yoyote dhidi ya homa ya ini B, ambayo ina chanjo yake mbali. Mtoaji akiulizwa kama amechanjwa, akaonyesha cheti cha manjano cha safari, ameonyesha karatasi isiyohusika.

Sasa nafika penye kiini. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kiliidhinishwa kutumika Marekani mwaka 1985. Mwaka huohuo, nchini humo, kijana mmoja aliyekufa kwa risasi alipimwa, akaonekana hana, na viungo na mifupa yake ikagawiwa kwa watu zaidi ya 40. Ilijulikana baada ya miaka kadhaa kwamba 7 kati yao waliambukizwa, pamoja na wote 4 waliopokea viungo. Kipimo hakikuharibika. Kipimo cha siku zile hakikutafuta kirusi. Kilitafuta kingamwili, zile ambazo baadhi ya wanaistilahi waliziita fingomwili kwa kukumbuka fingo lililofukiwa kulinda nyumba. Mwili unahitaji muda kuzitengeneza. Katika muda huo kirusi kimo, fingo halijafukiwa, na kipimo husema hakuna kitu. Jambo kama hilo lilitokea tena Chicago mwaka 2007, ambapo wapokeaji 4 walipata virusi vya UKIMWI pamoja na homa ya ini C kutoka kwa mtoaji mmoja. Na mwaka 2004, huko Texas, watu 4 waliopewa viungo na mshipa wa mtoaji mmoja walikufa kwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao hakuna aliyewaza kuuliza habari zake. Songea ni mji ambao walinyongwa watu wengi tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Hapo haihitajiki hotuba juu ya gharama ya kuitegemea kinga ambayo bado haijawapo.

Vipimo vya sasa vinavyotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe vimeufupisha sana muda huo. Kwa homa ya ini C umeshuka kutoka zaidi ya miezi 2 hadi siku chache. Lakini haujawa sifuri. Katika siku hizo chache hakuna mashine inayoona. Kinachoona ni swali, na swali hutengenezwa kwa maneno.

Wamarekani walilijua hilo, na historia ya maneno yao inafundisha. Mwaka 1994 Huduma yao ya Afya ya Umma ilitoa mwongozo wa kupunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI kupitia viungo. Mwaka 2013 mwongozo ulipanuliwa ukaingiza homa za ini B na C, na mtoaji ambaye mwenendo wake ulikuwa na mashaka katika miezi 12 iliyopita alipewa jina la mtoaji wa hatari iliyozidi. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa. Wagonjwa waliposikia jina hilo walikataa viungo ambavyo vilikuwa vizima. Madaktari wengine nao walisita. Na foleni ya wanaosubiri ilikuwa na watu wanaokufa. Mwaka 2020 jina hilo liliondolewa kabisa. Muda wa kuulizwa ulipunguzwa kutoka miezi 12 hadi siku 30, mtoaji aliye hai akatakiwa apimwe ndani ya siku 28 kabla ya upasuaji, na wapokeaji wote wakatakiwa wapimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 6 baada ya kupandikizwa. Jina lilikuwa limefanya kazi ya ugonjwa.

Kwetu, upandikizaji wa figo ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwezi Machi 2018. Kabla ya hapo waliopata nafasi walisafirishwa, wengi wao India. Figo hutolewa na ndugu aliye hai. Na hapa lugha yetu ina neno zito kuliko yote niliyoyataja. Ndugu ni wa tumbo moja, ni wa ukoo, ni wa kuchanjiana, na kulikuwa na wakati ambapo kila raia alikuwa Ndugu. Ndugu hukaa kikao. Ndugu hakatai.

Mwaka 2019 figo za mama yangu mdogo, mkazi wa Songea, zilishindwa kazi. Alipelekwa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ukoo ulikaa barazani, na macho yakamwangukia mwanawe wa pili, ambaye ni mdogo wangu. Tulikuwa na karatasi ya maswali iliyotoka nje ya nchi, kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa lugha nikaambiwa niifasiri. Niliifasiri usiku mmoja. Kichwa cha sehemu ya tatu nilikiandika hivi: "Mtoaji wa Hatari." Nilijiona nimefupisha vizuri.

Karatasi ilisomwa barazani mbele ya baba wadogo na wajomba. Mdogo wangu aliichukua, akasema atajaza asubuhi. Asubuhi tuliikuta mezani haina alama hata moja, na yeye amekwisha panda basi kwenda Mbamba Bay. Aliitwa bahili, aliitwa mwana asiye na mama, na baadhi ya maneno hayo niliyasema mimi. Mama mdogo aliendelea na mashine kwa miezi minane, mpaka binti yake mdogo alipofikia umri wa kukubaliwa akampa figo yake.

Sababu niliijua baadaye. Wiki tatu kabla ya kikao kile mdogo wangu aliugua homa kijijini, akachomwa sindano na mtu asiye na cheti, na sindano hiyo aliiona ikitumika kwa mtu aliyemtangulia. Hilo tu. "Kaka," aliniambia, "ningejibu ndiyo, baba wadogo wangesoma kwamba mimi ni mtu wa hatari. Ningejibu hapana, labda ningemwua mama. Basi nikaondoka." Jibu la kitabibu kwa jambo lake lilikuwa jepesi: angoje wiki chache, apimwe upya, na kama hana kitu aendelee. Karatasi yangu haikumpa mahali pa kuliandika.

Nimelitafakari kosa hilo kama mtu wa istilahi, na naona lilikuwa kosa la ngeli. Ngeli ya m-/wa- ni ngeli ya watu, na chochote tunachokitia humo hukaa juu ya mtu: mlevi, mwizi, mtoaji wa hatari. Hatari niliyotakiwa kuitaja haikuwa ya mtu, ilikuwa ya tukio na tarehe yake. Mzee wa Namtumbo hakuniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Aliuliza nimeshika nini leo, akanipa sabuni.

Kwa hiyo katika rasimu ninayoiandaa hakuna jina lolote la kundi la watoaji. Yako maswali yanayoanza kwa "Katika siku 30 zilizopita, je, ulichomwa sindano au kutiwa chale na kifaa kilichotumika kwa mtu mwingine?" na mengine ya namna hiyo, pamoja na agizo kwamba yajibiwe faraghani, mtoaji na mwuliza tu, si barazani. Kuna pia istilahi moja iliyonipa taabu, ya ule muda ambao kipimo hakioni. Wengi husema kipindi cha dirisha, tafsiri ya neno kwa neno isiyofaa, kwa sababu dirisha kwetu ni mahali pa kuchungulia, na hapa hakuna kinachoonekana. Mimi nilipendekeza kipindi cha uficho.

Kabla ya kuipeleka rasimu kwenye kamati nilimtumia mdogo wangu, ambaye bado yuko Mbamba Bay akifanya kazi ya uvuvi. Aliirudisha na sahihisho moja. Alikuwa ameyakata maneno kipindi cha uficho kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba anayeficha ni mtu, na juu yake akaweka: siku za kungoja. Kamati haijalijadili.